Sifuri Mara 100 kwa Sekunde: Historia ya Kupunguza Umeme wa AC

Nyumba nyingi zenye feni ya dari zina kiboksi ukutani chenye kitufe cha kuzungusha, namba 1 hadi 5. Kama ni cha zamani, ni kizito, na ukiweka kiganja juu yake baada ya feni kuzunguka mwendo mdogo mchana kutwa utakuta kimepata joto. Kama ni cha kisasa, ni chepesi, kinazunguka mfululizo bila zile hatua tano, hakipati joto la kusema, ila feni ikiwa mwendo wa chini inatoa mlio mwembamba wa kuvuma. Wengi wanadhani ule mlio ni ubovu, wanamwita fundi. Sio ubovu. Unachosikia ni mota ya feni ikikatiwa umeme na kurudishiwa, mara 100 kila sekunde.

Mwanafunzi wa elektroniki anakutana na jambo hilihili siku anapotaka kupunguza mwanga wa balbu kwa Arduino. Anapewa saketi yenye sehemu mbili: moja ya kuwasha, nyingine ya kugundua sifuri, yaani kuiambia mikrokontrola ni wakati gani hasa wimbi la umeme limepita kwenye volti 0. Anaiunganisha, inafanya kazi au haifanyi, maisha yanaendelea. Lakini kwa nini sifuri? Ukiuliza darasani, jibu la kawaida ni kwamba programu inahitaji mahali pa kuanzia kuhesabu. Jibu hilo ni sahihi nusu. Nusu nyingine ni ya zamani kuliko kompyuta ndogo hizi, ni ya zamani hata kuliko transista, na usipoijua hutaelewa kwa nini balbu yako inacheza hovyo siku mkiwa kwenye jenereta.

Kupunguza kwa kupoteza

Waliokuwa wa kwanza kuhitaji kupunguza umeme kwa ustadi hawakuwa watu wa viwandani. Walikuwa watu wa maigizo. Jukwaani alfajiri inatakiwa ije polepole, na mauti ya shujaa yanahitaji giza linaloingia taratibu. Taa za gesi zilikuwa zinafanya hivyo kwa kufunga valvu kidogo kidogo. Umeme ulipokuja, ukawa na tabia ya swichi: ama upo, ama haupo.

Jumba la Savoy la London lilifunguliwa Oktoba 1881 na mwenye nalo, Richard D'Oyly Carte, likawa jengo la kwanza la umma duniani kuwashwa lote kwa umeme, kwa balbu zaidi ya 1,000 za Joseph Swan. Jukwaa lenyewe liliwashwa kwa umeme mwezi Desemba mwaka huohuo, na Carte alipanda mbele ya watazamaji akaipasua balbu iliyowaka ndani ya kitambaa, kuwaonyesha kwamba kitambaa hakishiki moto. Watu walikuwa na sababu ya kuogopa. Majumba ya maigizo ya zama za gesi yalikuwa yanaungua mno. Kwa hadithi yetu, la maana ni kwamba mafundi wa pale walikuwa na njia ya kufifisha taa: walipitisha umeme kwenye ukinzani wa ziada. Ukiongeza ukinzani, mkondo unapungua, taa inafifia.

Sehemu nyingine ukinzani huo ulikuwa ni pipa la maji ya chumvi lenye mabamba mawili ya chuma. Unashusha bamba, umeme unapita zaidi; unalipandisha, unapungua. Maji yalichemka. Mtu alisimama karibu na pipa la maji ya moto yenye umeme ndani yake, katika giza la nyuma ya jukwaa, akisubiri ishara ya kuleta jioni. Sijui kama kuna kazi ya sanaa iliyokuwa na bima ngumu zaidi.

Ubaya wa ukinzani tuuhesabu, kwa sababu ndio uliosukuma kila kilichofuata. Chukua hita ya wati 2,000 unayotaka itoe robo ya nguvu yake, wati 500. Nguvu inakwenda na mraba wa mkondo, kwa hiyo mkondo unatakiwa uwe nusu. Ukipunguza mkondo kwa ukinzani uliowekwa mfululizo, waya wa umeme unatoa volti ileile kwa nusu ya mkondo: wati 1,000. Mia tano zinafika kwenye hita, mia tano nyingine zinaishia kwenye ukinzani kama joto. Yaani umejenga hita ya pili ili kuidhibiti ya kwanza. Kile kiboksi kizito cha feni kinaumwa ugonjwa wa ukoo huo, kwa kiasi kidogo tu.

Kulikuwa na njia safi zaidi, transfoma yenye mguso unaotembea juu ya nyaya zake. Ya General Radio ya Marekani, iliyoitwa Variac, ilianza kuuzwa miaka ya 1930 na bado utaikuta kwenye maabara za vyuo. Haipotezi joto la maana na inatoa wimbi zuri kabisa. Tatizo lake ni shaba na chuma: ni nzito, ni ghali, na ili kuizungusha kwa mbali unahitaji mota.

Badala ya kubana, kata

Hebu tutazame wimbi lenyewe. Umeme wetu hapa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Volti inapanda kutoka sifuri hadi kilele cha karibu 325, inashuka hadi sifuri, inageuka upande hasi, inarudi tena sifuri. Kila nusu-wimbi inachukua milisekunde 10. Ile 230 inayoandikwa kwenye vifaa ni wastani wa aina yake, wastani wa uwezo wa kupasha joto.

Sasa wazo: usiubane umeme. Acha swichi wazi mwanzoni mwa kila nusu-wimbi, subiri kidogo, halafu ifunge na uache kilichobaki cha nusu-wimbi kipite chote. Ukisubiri sana, kinachopita ni kidogo. Swichi iliyo wazi haipitishi mkondo, kwa hiyo haipati joto. Swichi iliyofungwa haina volti ya maana juu yake, kwa hiyo nayo inapata joto kidogo tu. Upotevu ule wa wati 500 umeondoka.

Ukisubiri milisekunde 5, katikati kabisa, unapata nusu ya nguvu, hilo halina mshangao. Lakini ukisubiri milisekunde 2.5, ambayo ni robo ya muda, bado unapata asilimia 91 ya nguvu. Na ukisubiri 7.5 unapata asilimia 9 tu. Ncha za wimbi zina volti ndogo, kwa hiyo hazibebi kitu. Mzigo wote uko katikati. Ukitaka robo ya nguvu, muda wa kusubiri ni karibu milisekunde 6.3. Ndiyo maana dima iliyoandikwa kwa haraka, inayogawa milisekunde 10 katika hatua 100 zilizo sawa, inaonekana haifanyi lolote mwanzoni, halafu katikati inashuka kama imeanguka ngazi.

Wazo ni rahisi kulisema. Kupata swichi inayofunga mara 100 kwa sekunde bila kuchoka, tena kwa muda uleule kila mara, hilo lilikuwa jambo lingine.

Mlango unaojifungua mara moja tu

Swichi hiyo ilipatikana kwanza ndani ya kioo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Peter Cooper Hewitt wa Marekani alitengeneza taa ya mvuke wa zebaki, kisha kirekebishaji cha zebaki, chupa inayoruhusu mkondo mkubwa upite upande mmoja tu. Irving Langmuir wa General Electric aliona mapema kwamba ukiweka wavu mdogo wa chuma ndani ya chupa kama hiyo unaweza kuamua ni lini moto wa umeme uanze. Mwenzake wa kampuni hiyohiyo, Albert Hull, mwishoni mwa miaka ya 1920 akafanya wazo hilo kuwa kifaa cha kutegemewa: thairatroni. Jina limetokana na neno la Kigiriki la mlango.

Thairatroni ina tabia ambayo kwa mtazamo wa kwanza ni kasoro kubwa. Wavu una uwezo wa kuzuia mkondo usianze. Mkondo ukishaanza, gesi ndani inajaa chembe zenye chaji, chembe zinauzingira wavu, na wavu unapoteza mamlaka yote. Uupe volti yoyote, mkondo hausimami. Mlango ukifunguliwa umefunguliwa. Namna pekee ya kuufunga ni kuondoa umeme wenyewe mpaka gesi itulie.

Kwa umeme wa betri hiyo ni balaa. Kwa umeme wa AC ni zawadi, kwa sababu umeme wa AC unajiondoa wenyewe kila milisekunde 10. Wimbi linapita sifuri, mkondo unakufa, gesi inatulia, mlango unajifunga bila mtu kuugusa. Wewe kazi yako ni moja: kuchagua lini ufungue. Kufunga kunafanywa na mtambo wa kuzalisha umeme, huko ulipo, bure.

Hapa ndipo ile nusu ya pili ya jibu. Sifuri haikuwa kwanza alama ya kuanzia kuhesabu. Sifuri ndiyo iliyokuwa inazima. Mbinu yote ya kukata wimbi ilijengwa juu ya swichi isiyojua kuzima, na sifuri iliyoziba pengo hilo.

Mwaka 1947 George Izenour, wa Chuo Kikuu cha Yale, aliwarudishia watu wa maigizo matunda ya jambo hili. Kwa kila kundi la taa aliweka thairatroni mbili zilizogeuziana migongo, moja kwa kila upande wa wimbi, na akaziendesha kutoka kwenye meza ndogo ya vidhibiti. Mtu anayeongoza taa aliweza kukaa mahali anapoliona jukwaa, badala ya kufichwa nyuma pamoja na mitambo ya moto. Hata hivyo zile chupa zilihitaji kupashwa joto kabla ya kazi, zilichakaa, na zilikuwa kubwa. Hakuna ambaye angeziweka ukutani sebuleni.

Silikoni inaiga gesi

William Shockley, mmoja wa waliovumbua transista, alidokeza mwaka 1950 kwamba tabaka nne za semikonda zikipangwa kwa zamu zinaweza kuwa swichi yenye hali mbili. Mwaka 1956 John Moll na wenzake wa Bell Labs walichapisha kazi yao juu ya swichi hizo za silikoni. Ukitaka kuielewa, fikiria transista mbili zilizofungamana, kila moja inaisukuma mwenzake. Ukizigusa kidogo zinaanza kusukumana, na zikishaanza haziachani hadi mkondo upungue chini ya kiwango fulani. Ni tabia ileile ya thairatroni, safari hii bila gesi, bila kioo na bila kusubiri ipate moto.

Mwaka 1957 General Electric, katika kiwanda chao cha Clyde jimbo la New York, walifanikiwa kutengeneza ya nguvu kubwa. Gordon Hall ndiye aliyeitengeneza, na Frank Gutzwiller, aliyefahamika kama Bill, ndiye aliyeona haraka ingeweza kufanya nini. Ilitangazwa kwa wanunuzi mwaka 1958. Baadaye ikabaki na jina la thairista, yaani thairatroni na transista zimeunganishwa majina. Mara chache sana jina la kifaa linakueleza ukoo wake wazi namna hiyo.

Thairista inapitisha upande mmoja tu. Ili kushika pande zote mbili za wimbi ulihitaji mbili, kama Izenour. Mmoja wa vijana walioshughulika na swichi inayopitisha pande zote alikuwa Nick Holonyak, mtoto wa mhamiaji mchimba makaa wa Illinois, aliyetoka kwenye kundi la Bell Labs na kuhamia maabara ya General Electric ya Syracuse mwaka 1957. Jina lake lishike, tutarudi kwake. Kutokana na kazi za pale ikaja, mwanzoni mwa miaka ya 1960, traiaki: kipande kimoja, miguu mitatu, kinakata pande zote mbili. Ndiyo iliyo ndani ya rigyuleta nyepesi ya feni yako.

Kabla traiaki haijafika madukani, tayari kulikuwa na mtu New York aliyekuwa anahangaika na thairista nyumbani kwake. Joel Spira, mwanafizikia aliyezijua thairista kutokana na kazi za kijeshi, mwaka 1959 alitengeneza dima inayoingia ndani ya kile kitundu cha kawaida cha swichi ukutani. Mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth walianzisha kampuni ya Lutron, na 1962 akapewa hataza. Mpaka hapo, kufifisha taa nyumbani kulikuwa starehe ya wenye nafasi ya kuweka mtambo.

Kapasita iliyojua saa

Wanafunzi wengi hushangaa wakifungua dima ya zamani: hakuna sehemu ya kugundua sifuri! Hamna chipu, hamna optokapla. Traiaki moja, rezista ya kuzungusha, kapasita, na kijisehemu kinachoitwa dayaki, basi. Inajuaje sifuri iko wapi?

Jibu ni kwamba saa yake inaendeshwa na wimbi lenyewe. Volti ya waya inaijaza kapasita kupitia ile rezista. Kapasita ikifika karibu volti 32, dayaki inavunjika ghafla, inamimina chaji kwenye geti la traiaki, taa inawaka kwa nusu-wimbi iliyobaki. Ukizungusha kitufe unaongeza rezista, kapasita inachelewa kujaa, mwanga unapungua. Na kwa kuwa traiaki iliyowaka inaondoa karibu volti yote juu ya saketi hiyo, kapasita haijazwi tena hadi sifuri ipite na traiaki izime. Sifuri inaianzisha upya saa bila kuulizwa. Kama hezi zinapanda au kushuka, kapasita inafuata, kwa sababu haijui hezi, inajua volti tu.

Binafsi naona hiyo ni moja ya saketi nzuri kuliko zote, na nasikitika kwamba tunaipita haraka kwenye vipindi ili tufike kwenye mikrokontrola.

Mikrokontrola ikaja. PIC16C84 ya mwaka 1993, ambayo ungeweza kuiandikia programu na kuifuta ukiwa mezani kwako, iliwafungulia mlango wapenzi wengi wa elektroniki. Arduino ya mwaka 2005 ikauvunja mlango kabisa. Chipu hizi zina saa ya kioo cha quartz, sahihi kuliko kapasita yoyote. Lakini saa hiyo haina uhusiano wowote na wimbi la umeme ukutani. Ni kama mtu mwenye saa nzuri sana ambaye hajaambiwa mechi inaanza lini. Kitu ambacho kapasita ilipewa bure, mikrokontrola lazima ijengewe jicho la kukiona.

Jicho hilo kuna namna mbili za kulijenga, na tofauti yake inaweza kukuua. Kampuni za chipu zenyewe zilitoa waraka zikionyesha namna ya bei rahisi: rezista ya ohm milioni 1 hivi moja kwa moja kutoka waya wa umeme hadi mguu wa chipu. Kilele cha volti 325 kinapitisha mikroampea 325 tu, na dayodi ndogo zilizomo ndani ya chipu zinaumeza mkondo huo. Inafanya kazi, na vifaa vya kiwandani vilivyofungwa kwenye plastiki vinaitumia. Ila sasa saketi yako yote, pamoja na sehemu unayoiita "ardhi", inashikana na umeme wa ukutani. Ukichomeka waya wa USB wa kompyuta yako humo, kompyuta nayo imeingia, na wewe uliyeishika pia. Usiifanye mezani. Namna ya pili ni optokapla, kama H11AA1 au PC817: upande mmoja LED ndogo inawashwa na umeme wa ukutani, upande wa pili transista inauona mwanga, na katikati hakuna waya, kuna nuru tu. Kwa mwanafunzi hiyo ndiyo njia, na hata hivyo upande wa umeme mkubwa usiuguse ukiwa umewashwa.

Optokapla nayo ina uongo wake mdogo. LED yake inazimika kabla sifuri haijafika. Tuseme inazimika volti ikishuka chini ya 25: hesabu inakupa kama milisekunde 0.25 kabla ya sifuri halisi. Ukimwagiza mtumiaji "mwanga kamili" na programu yako ikaligonga geti papohapo kwa mpigo mfupi, umegonga kwenye mkia wa nusu-wimbi iliyotangulia. Traiaki inawaka kwa robo ya milisekunde, sifuri inafika, inazima, na nusu-wimbi nzima inayofuata inapita bila kuguswa. Umeomba mwanga wote, umepata giza. Watu wamebadilisha traiaki tatu wakitafuta kosa hilo.

Kosa la pili ndilo la jenereta. Kodi nyingi zinazozunguka zimeandika milisekunde 10 kama vile ni sheria ya maumbile. Jenereta ndogo iliyopunguziwa mzigo inaweza kupanda hadi hezi 52, na hapo nusu-wimbi inakuwa milisekunde 9.6. Kama ulitaka mwanga hafifu kabisa na programu inasubiri 9.8 ndipo igonge geti, umeshavuka sifuri; umegonga mwanzoni mwa nusu-wimbi mpya, na balbu inawaka kwa nguvu zote. Dawa yake ni kupima: hesabu muda kati ya sifuri moja na nyingine kila mara, kisha gawa kipindi ulichokipima wewe, sio kilichoandikwa kitabuni. Kapasita ya Spira na wenzake ilikuwa inafanya hivyo bila kuandikiwa mstari hata mmoja.

Na kuna kosa la dukani. MOC3021 na MOC3041 zinafanana sura, zote ni optokapla za kugonga geti la traiaki. Ya pili imejengewa ndani yake kigunduzi cha sifuri, na wengi wanaichagua wakidhani wamepata ya juu zaidi. Kumbe kile kigunduzi kinakataa kuwasha mahali popote isipokuwa karibu na sifuri. Ukiitumia kwa kukata wimbi katikati, haitakutii.

MOC3041 ina kazi yake. Kukata wimbi katikati ni kuruka ghafla kutoka volti 0 hadi mamia, na mruko wa namna hiyo unarusha kelele za redio. Dima za mwanzo zilijulikana kwa kuzifanya redio za AM zikorome. Kwa vitu vinavyopata joto polepole hamna haja ya kukata. Fikiria inkubeta ya mayai ya kuku inayotakiwa kukaa kwenye nyuzi 37.5. Katika sekunde moja kuna mawimbi kamili 50. Ruhusu 15 yapite yote, zuia 35, umetoa asilimia 30 ya nguvu, na kila kuwasha kumefanyika kwenye sifuri, kimya. Ukifanya hivyo kwa balbu ya sebuleni utaiona inapepesa na utakimbia chumba. Mayai hayana habari.

Aliyewasha, ndiye aliyezima

Turudi kwa Holonyak. Mwaka 1962, akiwa bado Syracuse na bado General Electric, alitengeneza LED ya kwanza yenye mwanga unaoonekana kwa macho, nyekundu, na mwanzoni mwa 1963 jarida la Reader's Digest lilimtaja akitabiri kwamba siku moja kifaa hicho kingechukua nafasi ya balbu ya Edison. Alifariki mwaka 2022, akiwa ameshaona utabiri wake ukitimia.

Lakini angalia alichokifanya. Mtu aliyechangia swichi ya dima akaileta pia taa inayogombana nayo. Balbu ya zamani ya wati 60 inavuta mkondo wa karibu miliampea 260. LED ya wati 5, wastani wake ni 22 hivi. Traiaki ya kawaida kama BTA16 inaweza kuhitaji hadi miliampea 50 ili isijizime. Kwa balbu ya zamani, mkondo ulibaki juu ya kiwango hicho karibu hadi sifuri. Kwa LED, mkondo unaanguka chini yake wakati wimbi liko mbali na sifuri, traiaki inazima kabla ya wakati, labda inawaka tena, labda haiwaki, na wewe unaona taa inacheza disko. Siyo LED mbovu wala dima mbovu. Ile "kasoro" iliyookolewa na sifuri mwaka 1947 ilihitaji mzigo mzito ili iokolewe vizuri, na mzigo umekuwa mwepesi.

Dima mpya nyingi zimeigeuza kazi kichwa chini. Zinatumia transista za MOSFET mbili, ambazo zinajua kuzima. Zinawasha kwenye sifuri, zinaacha volti ipande polepole pamoja na wimbi, halafu zinakata katikati. Kapasita zilizomo ndani ya taa za LED hazishtuliwi na mruko wa ghafla, na hata ule mlio unapungua. Sifuri, ambayo kazi yake ilikuwa kuzima, sasa kazi yake ni kuwasha, na kigunduzi chake kimekuwa cha lazima kuliko zamani, kwa kuwa hakuna tena swichi inayojipanga yenyewe na wimbi.

Kwa wanaotumia sola kuna fundo moja la nyongeza. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini. Zinatoa ngazi: chanya, sifuri, hasi, sifuri. Ikiwa ngazi hiyo ina kilele cha volti 325 na inatakiwa kupasha joto sawa na 230, hesabu inataka nusu ya muda wote waya ukae kwenye sifuri, yaani milisekunde 5 mfululizo kila baada ya 5 za umeme. Optokapla yako itasema "sifuri" mwanzoni mwa kipindi hicho. Ukigonga geti milisekunde 4 baadaye hakuna kitu cha kuwasha, mpigo umepotea. Kama utaendesha saketi yako kwenye inveta ya namna hiyo, sikiliza ncha ya pili ya ishara, pale sifuri inapoisha, na uanzie kuhesabu hapo.